Mama ana betri ya moyo na tunakwenda Umra: je, apite kwenye mlango wa ukaguzi uwanjani?

Mwana wa Kisauni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mama yangu amevuka miaka sabini, na mwezi uliopita aliwekewa betri ya moyo, yaani kifaa cha kuratibu mapigo, huko Nairobi baada ya kuanguka ghafla jikoni na vipimo kuonyesha kwamba umeme wa moyo wake haufiki sawasawa kutoka vyumba vya juu hadi vya chini. Alhamdulillahi, upasuaji ulikwenda vizuri, kidonda kilicho chini ya mtulinga wa kushoto kimefunga, na kile kizunguzungu kilichokuwa kikimsumbua kimeondoka.

Kabla ya ugonjwa huu tulikuwa tumekwisha kumlipia safari ya Umra, nami nitafuatana naye. Msafara wetu utaondoka Mombasa kwa ndege hadi Nairobi, kisha Nairobi hadi Jeddah, na kurudi kwa njia hiyo hiyo. Mama haogopi ndege yenyewe. Anachokiogopa ni mlango wa ukaguzi, kwa kuwa jirani yetu mmoja amemweleza kwamba sumaku yake huzima betri papo hapo. Mwingine ameshauri tupande SGR hadi Nairobi ili tuepuke ukaguzi wa uwanja mmoja, ingawa kila aliyewahi kupandia treni pale Miritini anajua kwamba huko nako unapitishwa kwenye mashine na mizigo inanuswa na mbwa kabla hujaingia kituoni.

Hospitali ilitupa kadi ndogo yenye jina la kifaa, namba zake na tarehe ya kuwekwa, ikatuambia tuwe tukiionyesha uwanjani, bila kufafanua zaidi. Naomba kusikia kutoka kwa wenye ujuzi au waliokwisha kusafiri na kifaa cha namna hii. Je, apite mlangoni au aombe kupekuliwa kwa mikono? Je, muda uliopita tangu upasuaji unatosha kabla ya kuruka? Na je, lipo jambo jingine ambalo sisi hatulifikirii?

Mhudumu wa Mapigo

Wa alaykumu salaam ndugu yangu. Mpe Mama pole nyingi, na hongera pia kwa kuwa ameinuka. Ninafanya kazi katika kliniki ya vifaa vya moyo hapa Dar es Salaam, ambako kazi yangu ya kila siku ni kuzisoma betri hizi kwa kompyuta na kurekebisha mipangilio yake, kwa hiyo nitajibu kwa kadiri ya ninayoyaona, huku neno la mwisho likibaki kwa daktari aliyemwekea.

Nianze na mlango wa ukaguzi, kwa kuwa ndio unaomnyima Mama usingizi, ingawa kwa maoni yangu si jambo kubwa kuliko yote katika safari yenu. Ndani ya betri kuna kihisi cha sumaku kilichowekwa kwa makusudi, ili sisi wahudumu tukiweka sumaku juu ya kifua cha mgonjwa, kifaa kiache kusikiliza mapigo yake na kianze kupiga kwa kasi moja isiyobadilika. Hakizimiki. Sumaku ikiondolewa, kinarudi katika mpangilio wake wa kawaida chenyewe, bila kuhitaji fundi. Isitoshe, vifaa vya kisasa hutengenezwa kwa kanuni kwamba visibadili mwenendo mpaka nguvu ya sumaku pale vilipo ifikie gausi 10 hivi, na mtu anayepita mlangoni kwa mwendo wake wa kawaida hukaa katikati ya nguzo zile kwa sekunde moja au mbili tu. Madaktari wa Munich, Ujerumani, waliwapitisha wagonjwa 348 katika mlango wa aina inayotumika viwanjani, wengine wakiwa na betri kama ya Mama na wengine wakiwa na zile zenye uwezo wa kuushtua moyo, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2003 hayakuonyesha hata mmoja ambaye kifaa chake kilivurugwa. Mwaka 2011 yakachapishwa matokeo ya wagonjwa 388 wa Munich na Athens, safari hii kuhusu kigunduzi cha metali cha mkononi, ambacho kilizungushwa juu ya kifua kwa nusu dakika nzima, na hapo pia hakuna kifaa kilichopotoka.

Kwa nini basi tunaendelea kuwaambia wagonjwa waombe kupekuliwa kwa mikono? Kwanza, mashine za viwanja mbalimbali si za aina moja wala umri mmoja, na waliofanya tafiti hawakuzijaribu zote. Pili, kasha la titani linaweza kupiga kengele, na kengele ikilia afisa huja na kigunduzi cha mkononi na kukirudisha pale pale panapolia, yaani kifuani. Kinachokatazwa hasa ni kukaa: kusimama katikati ya mlango ukisubiri kuitwa, kuegemea nguzo yake, au kuachiwa kigunduzi kitulie juu ya betri. Ushauri wa kawaida ni kwamba kikilazimika kutumika kipitishwe haraka, na kisirudiwe juu ya kifua kabla ya sekunde 30 kupita. Marekani wamechagua njia fupi zaidi, kwani mamlaka yao ya usalama wa usafiri, TSA, inaelekeza kwamba mwenye kifaa cha ndani ya mwili kama hiki asipitishwe kabisa kwenye mlango wa kugundua metali, bali akaguliwe kwa njia nyingine.

Zipo pia zile skana za mwili ambazo mtu husimama ndani yake na kuinua mikono juu ya kichwa. Mawimbi yake hayapenyi zaidi ya ngozi na hayana madhara kwa betri. Hata hivyo, kwa Mama ningeiogopa skana hiyo kuliko mlango, na sababu si mawimbi bali ni mikono iliyoinuliwa.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo wengi hawalifikirii. Kutoka kwenye betri hushuka waya mmoja au zaidi kupitia mshipa hadi ndani ya moyo, na ncha ya waya hujishika kwenye nyama ya moyo kwa skrubu ndogo mno au kwa vijino laini. Katika wiki za mwanzo hicho ndicho kishikio pekee. Baadaye mwili hujenga kovu dogo linaloufunga waya mahali pake. Waya ukivutwa kabla ya hapo, ncha inaweza kuchomoka, na mgonjwa ambaye moyo wake unaitegemea betri anaweza kuanguka tena kama alivyoanguka mwanzo. Ndiyo maana tunawaambia wasiinue kiwiko cha upande ule kupita bega, na wasinyanyue mzigo mzito kwa mkono huo, kwa muda wa wiki nne hadi sita. Sasa itazame safari ya ndege kwa jicho hilo: kupandisha begi kwenye kabati lililo juu ya viti, kushika kiti cha mbele ili kujivuta kusimama, kuliwahi sanduku linalozunguka kwenye mkanda wa mizigo na kulinyakua kwa mkono mmoja, kuinua mikono ndani ya skana. Yote hayo yafanyeni ninyi, au yakataeni. Wakati huo huo mkono usifungwe kwenye kitambaa mchana kutwa, kwa sababu bega lisilochezeshwa hukakamaa.

Kuhusu muda, Chama cha Madaktari wa Moyo cha Uingereza kilitoa mwongozo mwaka 2010 unaosema kwamba mtu aliyewekewa betri anaweza kuruka baada ya siku 2 endapo pafu halikuguswa wakati wa upasuaji. Sindano ya kuutafuta mshipa hupita karibu sana na kilele cha pafu, na mara chache hulitoboa, hewa ikavuja na kukaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Hewa hiyo ikipandishwa angani hutanuka kwa takriban theluthi moja, kwa hiyo aliyepatwa na hali hiyo hungoja hadi wiki 2 baada ya picha ya eksirei kuonyesha kwamba imekwisha kabisa. Ulizeni hospitali swali hilo moja kwa moja. Ikiwa pafu la Mama lilikuwa salama, ndege haina neno naye. Linalobaki ni bega.

Na urefu wa anga wenyewe usiwatishe. Hewa ya ndani ya ndege ya abiria haishushwi kupita ile ya mahali penye mwinuko wa futi 8,000, yaani mita 2,400 hivi, ambao ni sawa na kuketi Addis Ababa. Mama amekwisha kulala hospitalini Nairobi, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,600, tena akiwa mgonjwa. Betri yenyewe imefungwa kwa titani na haijui kama iko pwani au mawinguni. Anayehisi ni mwenye moyo, kwa hiyo kama miguu yake inavimba, au anakosa pumzi akilala chali au akipanda ngazi chache, hilo lielezwe kwa daktari kabla ya siku ya safari.

Mwisho, mgonjwa mpya kwa kawaida huitwa kliniki katika wiki za mwanzo ili kifaa kisomwe na nyaya zipimwe. Hakikisheni ziara hiyo inafanyika kabla ya kuondoka, na mwombe nakala ya karatasi ya matokeo.

Afisa Mstaafu wa Ukaguzi

Nimesoma maelezo ya mtaalamu hapo juu na ninakubaliana nayo. Nilifanya kazi ya ukaguzi wa abiria kwa muda mrefu, hivyo nitaeleza upande wa pili wa meza.

Pale Nairobi mtaanza kukaguliwa kabla hata ya kuliona jengo, kwa kuwa abiria hushushwa garini barabarani na kupita kwa miguu penye mashine huku dereva akisonga mbele na gari. Kuna ukaguzi mwingine ndani kabla ya kupanda ndege. Kila kituo kina maafisa wake, na wa kituo cha pili hawajui mlichozungumza na wa kwanza. Kwa hiyo Mama ajitayarishe kusema jambo lile lile kila mara bila kukasirika.

Ninachoshauri ni asubiri zamu yake, na kabla hajafika kwenye mlango, akiwa bado upande wa nje, amwambie afisa aliye karibu kwamba ana betri ya moyo na anaomba kupekuliwa kwa mikono, huku kadi ikiwa tayari mkononi. Abiria akisema akiwa amesimama katikati ya mlango, kengele imekwisha kulia na foleni nyuma yake inasukuma, afisa anakuwa na mambo matatu kwa wakati mmoja na atafanya lile alilolizoea, yaani kuchukua kigunduzi cha mkononi. Kadi haimwondolei mtu ukaguzi. Inabadilisha tu namna ya kukaguliwa. Wako abiria wanaoionyesha kama pasi ya mheshimiwa na kutaka kupita moja kwa moja, na hao ndio wanaochelewa.

Mwanamke hupekuliwa na afisa mwanamke, na ana haki ya kuomba chumba cha faragha. Hapo ndipo ninapomtahadharisha kijana wetu: wewe hutaingia naye. Kule Saudi Arabia wanawake hukaguliwa upande wao, nyuma ya pazia, kwa hiyo asimtegemee mwanawe kuwa msemaji wala mshika kadi. Tena kadi isikae kwenye mkoba, kwa sababu mkoba unawekwa kwenye trei, trei inaingia kwenye mashine, na Mama anabaki upande wa pili akiwa mikono mitupu akijaribu kueleza kwa ishara. Aishike mkononi pamoja na pasipoti na pasi ya kupandia ndege. Wewe mwandikie pia kwa Kiarabu, kwenye kipande cha karatasi, sentensi mbili zinazosema kwamba ana kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo na kwamba anaomba akaguliwe kwa mikono.

Jambo moja zaidi kuhusu kiti cha magurudumu, maana wengi humwombea mzee kiti wakidhani wamemrahisishia kila kitu. Ni kweli kinapunguza mwendo, nami ningekiomba kwa ajili ya umbali wa pale Jeddah peke yake. Lakini kiti ni chuma na hakipitishwi mlangoni, kwa hiyo anayekalia kiti mara nyingi ndiye anayepelekewa kigunduzi cha mkononi alipo. Mama aseme mapema, kabla anayesukuma kiti hajamfikisha pale.

Babu wa Malindi, Unguja

Mwanangu, mimi ninayo ile betri nyingine, inayofanya kazi ya kuratibu mapigo na pia kuushtua moyo ukienda mbio za hatari. Niliwekewa India, na nimekuwa nikisafiri nayo kwenda kliniki na kuwatembelea wajukuu Muscat. Mama yako ana kifaa chepesi kuliko changu, lakini yapo mawili matatu yatakayomfaa.

La kwanza ni kwamba mtu ana haki ya kurudi nyuma hatua moja. Katika uwanja mmoja ambao sitautaja, nilipokuwa nikiunganisha safari, afisa kijana aliitazama kadi yangu, akatikisa kichwa, kisha akashusha kigunduzi chake juu ya kifua changu na kukizungusha palepale kama anayetafuta sarafu iliyopotea mchangani. Kifaa cha aina yangu kikiwekewa sumaku huacha kulinda dhidi ya mapigo ya mbio kwa muda wote sumaku ilipo, kwa hiyo sikuona sababu ya kumwachia amalize utafiti wake. Nilirudi nyuma, nikaweka kiganja juu ya betri, nikamwambia kwa sauti ya taratibu nipate msimamizi wake. Msimamizi alikuja, akasoma kadi, akanipekua mwenyewe kwa mikono, na safari ikaendelea. Mfundishe Mama kiganja hicho, kwani kinaeleweka kwa lugha zote.

La pili ni zile karatasi alizozitaja mtaalamu. Kompyuta inayosoma betri ya kampuni moja haisomi ya kampuni nyingine. Medtronic wana yao, Abbott wana yao, Biotronik na Boston Scientific vilevile. Ukifika hospitali ya ugenini bila kujulikana una kifaa cha nani, watapoteza muda wakitafuta mashine sahihi. Mimi hubeba nakala ya matokeo ya mwisho pamoja na orodha ya dawa, moja kwenye begi la mkononi na nyingine kwenye simu, na kabla ya kuondoka huiuliza kliniki ni hospitali ipi kule niendako inayohudumia kifaa changu. Jeddah na Makka zina hospitali kubwa, kwa hiyo swali hilo litajibiwa bila shida.

La tatu ni dawa. Dawa zote zikae begi la mkononi, zisiingie kwenye tumbo la ndege. Bahati nzuri Saudi Arabia ina saa ile ile ya Afrika Mashariki, hivyo Mama hatahitaji kupiga hesabu za kusogeza vidonge, taabu ambayo wanaokwenda Ulaya au Marekani wanaijua. Kama anatumia dawa ya kuyeyusha damu, hiyo ndiyo isiyosahauliwa hata siku moja.

Kwa wenzangu wenye kifaa cha kushtua: ikitokea kimeshtua mara moja mkiwa angani na mkajisikia vizuri, waarifuni wahudumu na mpigie kliniki mkitua. Kikishtua mara ya pili, au mkajisikia vibaya baada ya ile ya kwanza, hiyo ni dharura na wahudumu waambiwe hivyo bila haya. Jirani wa kiti aliyekugusa wakati huo anaweza kusikia mtekenyo mdogo tu, hadhuriki. Na aliyeshtuliwa hivi karibuni akiwa nyumbani asipande ndege mpaka sababu ijulikane na hali yake itulie.

Jirani wa Likoni

Naheshimu maelezo yote haya, lakini hakuna aliyegusia mionzi. Ndege inaruka futi 35,000 na zaidi, huko juu mionzi ya anga ni mingi kuliko huku chini, na ndani ya ndege kuna watu mia mbili wenye simu, intaneti isiyotumia waya na rada ya rubani. Mgonjwa wa moyo atawekwaje katikati ya vyote hivyo kwa saa nzima? Mimi ningemshauri Mama asubiri mwaka mwingine.

Mhudumu wa Mapigo

Swali lako ni la haki, ingawa hitimisho lake silikubali. Ni kweli kwamba chembe za mionzi kutoka anga za juu ni nyingi zaidi katika urefu huo, na ni kweli pia kwamba chembe moja ikipiga mahali pabaya inaweza kugeuza herufi moja katika kumbukumbu ya kifaa, jambo ambalo wahandisi wamelichunguza tangu miaka ya 1990. Ndiyo sababu betri hujikagua zenyewe mara kwa mara, zikikuta kosa hulisahihisha, na zikishindwa hurudi kwenye mpangilio wa usalama ambao bado unaupiga moyo. Ni tukio la nadra sana, na hakuna mwongozo wa madaktari wa moyo ninaoujua unaomkataza mgonjwa kuruka kwa sababu hiyo.

Intaneti ya ndani ya ndege na rada iliyo puani mwa ndege hazimfikii abiria kwa nguvu ya kukisumbua kifaa kilichofunikwa kwa chuma. Kitu cha kuangaliwa kiko karibu zaidi, nacho ni simu yake mwenyewe. Simu nyingi za sasa zina sumaku ndani yake kwa ajili ya kuchaji bila waya, na mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2021 kwamba simu na saa za namna hiyo ziwekwe umbali wa sentimita 15 kutoka kwenye betri. Vivyo hivyo spika za masikioni na vikasha vyake, na vifuniko vya simu vinavyofungwa kwa sumaku. Abiria wengi huvua spika wanapotaka kulala na kuzitumbukiza katika mfuko wa kifuani, na akina mama wetu huisunda simu kifuani tangu asubuhi. Kwa Mama huyu, simu ihamie kwenye mkoba au mfuko wa upande wa kulia chini ya kiuno.

Tena betri iliyo ndani ya mwili haihesabiki pamoja na zile betri za lithiamu ambazo mashirika ya ndege hutaka zitangazwe. Kanuni za kimataifa za usafirishaji wa vitu vya hatari zinaruhusu vifaa vya moyo vilivyopandikizwa bila idhini ya shirika. Zinataja hata vile vya zamani vilivyoendeshwa kwa plutoniamu, ambavyo wagonjwa wachache walivaa kuanzia miaka ya 1970! Jambo ambalo shirika linaweza kulidai ni fomu ya taarifa za kitabibu kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji karibuni, kwa hiyo wakala wenu wa tiketi aulizwe sasa, si usiku wa kuamkia safari.

Mwana wa Kisauni

Nawashukuru nyote, na Babu wa Malindi shikamoo. Nimempigia mhudumu wa kliniki Nairobi asubuhi hii. Amethibitisha kwamba picha ya kifua baada ya upasuaji ilikuwa safi, na ametupa nafasi ya kusomewa kifaa siku chache kabla ya safari, hivyo tutapanda mapema kwenda Nairobi na kuungana na msafara huko huko. Siku ya kuruka atakuwa amekamilisha wiki sita kwa tabu, pengine pungufu kidogo, na daktari amesema tumtendee kana kwamba hajazifikisha. Bima ya safari nayo tumeirekebisha, kwa kuwa ile ya awali ilijazwa kabla ya ugonjwa na haikutaja moyo.

Yamebaki mawili. Mama anauliza kuhusu kuinua mikono wakati wa takbira, na wakati wa kuliashiria Jiwe Jeusi kwa mbali katika kila mzunguko wa tawafu, maana tumeambiwa kiwiko kisipite bega. La pili ni Zamzam, kwa sababu ameapa hatarudi Kisauni bila dumu lake.

Mhudumu wa Mapigo

Kwa takbira, viganja vinaweza kufika usawa wa mabega au masikio huku viwiko vikibaki chini, jambo ambalo Mama anaweza kulijaribu mbele ya kioo nyumbani, na aonyeshe mhudumu siku ile ya kliniki. Kuashiria Jiwe Jeusi atumie mkono wa kulia peke yake, ambao hauna kizuizi. Anachopaswa kukiepuka zaidi ni kusukumwa bega la kushoto katika msongamano, kwa hiyo katika tawafu tembea ubavuni mwake upande huo, na mfanye mizunguko yenu mbali na kitovu cha watu au kwenye ghorofa za juu.

Kuhusu Zamzam, dumu la uwanjani ni la lita 5, na kilo tano ndicho kiasi ambacho wengi wetu tunawakataza kukinyanyua kwa mkono wa upande wa betri. Lisajiliwe kama mzigo wa kupakiwa chini ya ndege, na pale Mombasa mkanda ukianza kuzunguka Mama aketi kwenye kiti, akuelekeze tu ni lipi.